Pongezi kwa Muuaji Asiyekufa

Filamu nzuri hazikosi wapambe. Zina tuzo, zina zulia jekundu, zina wachambuzi wanaowataja waongozaji kwa jina la kwanza kana kwamba walikaa nao dawati moja. Lakini sijawahi kusikia mtu amesimama hadharani akaishukuru filamu iliyopwaya, hasa ile iliyotengenezwa na mtu ambaye kila mmoja anajua anaweza zaidi ya hapo. Naomba kuliziba pengo hilo. Nafanya hivyo kwa niaba ya wakazi wa Kibaha, majirani zetu wa Kisarawe, na mwenye banda la video ambaye, kwa sababu za kisheria, angependa asitajwe.

Filamu ninayoipongeza ni The Killer ya John Woo. Si ile ya 1989. Ile imeshasifiwa hadi imeota kiburi. Nasema hii ya pili, iliyotoka Marekani tarehe 23 Agosti 2024 kwenye huduma ya mtandaoni ya Peacock, na baadaye ikafika kwetu Maili Moja kwa flashi, kwa njia ambayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haikuitarajia kwa moyo mkunjufu. Mwongozaji ni yuleyule. Jina ni lilelile. Hadithi ni ileile: muuaji wa kukodiwa anakwenda kazini, risasi zinarindima, mwimbaji asiye na hatia anapoteza macho, muuaji anashikwa na huruma, na polisi anayemsaka anaishia kuelewana naye. Vilivyobadilika ni mji, jinsia ya muuaji, na ubora.

Ili ukubwa wa fadhila hii uonekane, sina budi kueleza kwanza usumbufu wa ile ya zamani. Chow Yun-fat ni Ah Jong, muuaji mwenye suti safi na dhamiri mbovu, yaani inayofanya kazi. Katika shughuli moja ndani ya ukumbi wa starehe, moto wa bastola unamuunguza macho mwimbaji, Jennie. Ah Jong hawezi kulala. Anakubali kazi moja ya mwisho ili apate fedha za upasuaji wa macho ya yule dada, waliomtuma wanamdhulumu, na polisi aitwaye Li, aliyeagizwa kumkamata, anaanza kumwelewa kuliko anavyowaelewa wakubwa wake. Wote wanakutana kanisani, katikati ya mishumaa na njiwa weupe. Sanamu ya Bikira Maria inalipuliwa. Ah Jong anapigwa risasi za macho. Anatambaa kumtafuta Jennie, Jennie naye anatambaa kumtafuta yeye, vipofu wawili sakafuni, wanapishana. Ah Jong anakufa. Li anampiga risasi bosi wa majambazi ambaye amekwisha kujisalimisha, na Li mwenyewe anatiwa nguvuni na polisi wenzake. Mwisho. Hakuna aliyepata macho, hakuna aliyepata fedha, hakuna aliyepata mtu.

Picha ya namna hiyo ina madhara kwa jamii. Muuza karanga anapita katikati ya mabenchi na sinia lake na hakuna anayemwona. Mlinzi aliyekesha lindoni, na ambaye amelipa kiingilio ili apate usingizi wa mchana mahali penye kivuli, anaambulia machozi. Watu wanatoka nje kimya kimya, na wanaotembea kuelekea makwao Picha ya Ndege wanafika huko bila kusemezana. Ukizingatia kwamba kijana wa Kibaha huweza kuzungumza mfululizo kutoka Kongowe hadi Mlandizi juu ya penalti moja iliyokataliwa, utaona kuwa hasara hiyo si ndogo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni la kikatiba. Kila mtoto aliyewahi kuchungulia kwenye tundu la banda anajua kanuni: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kuteswa, kutupwa korongoni, kuzikwa akiwa hai, lakini hafi. Adui hufa, rafiki wa steringi hufa, mama wa steringi hufa mapema kabisa ili kisasi kipate sababu. John Woo mwaka 1989 alimuua steringi, tena baada ya kumtoboa macho. Ni jambo la kushukuru kwamba tangu hapo hajashtakiwa.

Mwaka 2024 amerekebisha. Steringi sasa ni Zee, na anachezwa na Nathalie Emmanuel. Polisi ni Sey, na anachezwa na Omar Sy, Mfaransa ambaye wazazi wake walitoka Afrika Magharibi na ambaye ana tabasamu la mtu anayekusamehe kabla hujamkosea. Kanisa limo. Njiwa wamo; mtoto mmoja aliuliza kama ni wale wale. Risasi zimo kwa wingi. Na baada ya yote hayo, Zee anabaki hai. Deni la miaka 35 limelipwa. Kwamba pamoja na kifo cha steringi umeondoka pia uchungu, na pamoja na uchungu imeondoka sababu ya kuitazama picha, hayo ni marejesho ya kawaida katika kulipa deni.

Zipo fadhila nyingine ambazo wachambuzi hawakuzitaja. Picha ya zamani haifiki saa mbili. Hii mpya inazidi saa mbili, na kiingilio kilikuwa mia tano ileile. Kwa hesabu yoyote ya dukani, mteja amefaidika. Halafu yumo Eric Cantona, namba 7 wa zamani wa Manchester United, akicheza mkubwa wa majambazi. Banda letu ndilo linaloonyesha ligi ya Uingereza, kwa hiyo mashabiki wa Arsenal walipata nafasi adimu ya kumzomea Cantona bila kuhofia matokeo. Hilo nalo lisipohesabiwa kuwa ni sanaa, basi sijui tunahesabu nini.

Wala mtu asidhani kazi hii ilifanywa kwa pupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hollywood tayari walikuwa na mpango wa kuirudia The Killer, na majina yaliyotajwa yalikuwa Richard Gere na Denzel Washington. Mpango ukafa, ukafufuka, ukafa. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba muuaji atakuwa Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, na kwa mwaka mzima Afrika Mashariki ilikuwa hatarini kuhusishwa na jambo hili. Mwaka 2019 Lupita alijitoa, kwa sababu ya ratiba. Ratiba ni kitu kinacholaumiwa sana katika nchi zetu. Tuiweke na hii kwenye kumbukumbu zake. Chungu kimekaa jikoni miaka 30 na ushei, na ugali umetoka mbichi. Hiyo inahitaji ustadi.

Hata kuhamishia hadithi Paris kuna mantiki yake. John Woo hajawahi kuficha kwamba Ah Jong alizaliwa kutokana na mapenzi yake kwa Le Samouraï, filamu ya Mfaransa Jean-Pierre Melville ya 1967, yenye muuaji mpweke, kofia, na maneno machache. Woo aliichukua roho ile, akaipeleka Hong Kong, akaitia damu na sala na urafiki wa wanaume wawili, ikawa yake. Sasa ameirudisha kwa wenyewe. Alichosahau kurudisha nayo ni ile roho.

Lakini nisikae sana Paris. Thamani ya picha hii haikuonekana Paris; ilionekana bandani.

Banda lenyewe liko nyuma ya barabara kuu ya Morogoro, umbali wa honi moja ya basi la mikoani. Paa bati, kuta bati, mabenchi ya mbao, na mlangoni linaning'inia blanketi la kijivu la kuzuia mwanga na wasiolipa. Feni ipo na inazunguka upande wa mwenye banda. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: JMOSI SAA 10 – MUUAJI (MPYA) – INATAFSIRIWA. Neno la mwisho ndilo linaloleta watu. Siku hizi tafsiri nyingi huja zimesharekodiwa, lakini wa kwetu anatafsiri papo hapo, amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya skrini na maiki iliyostaafu kwenye shughuli za harusi. Yuko kwenye ukoo ule wa akina Lufufu wa Dar, DJ Afro wa Nairobi na VJ Jingo wa Kampala: watu ambao hawakuwahi kukubali kwamba mwongozaji wa filamu ndiye mwenye neno la mwisho.

Picha nzuri humnyima kazi mtu wa namna hiyo. Ile ya 1989 ikionyeshwa, anabaki kutaja tu nani kamsaliti nani, maana Chow Yun-fat akigeuza shingo umeshaelewa. Hii ya 2024 imemwachia uwanja. Kuna mahali Zee anatazama dirishani. Anatazama. Paris iko nje, nzuri, haina neno. Anaendelea kutazama. Mtafsiri wetu alinyamaza kidogo, akakohoa, kisha akatueleza kwamba dada huyu anawaza kiwanja chake cha Visiga, ambacho alikinunua kwa fedha ya jasho la kuua watu, na ambacho juzi amepigiwa simu kwamba kimeuzwa kwa mtu mwingine.

Banda zima lilijiweka sawa kwenye mabenchi.

Kuanzia hapo tulikuwa na picha mbili kwa kiingilio kimoja. Moja ilikuwa ya uhalifu Paris. Nyingine ilikuwa mgogoro wa ardhi Visiga, na ndiyo iliyokuwa na kichwa na miguu. Sey akiendesha gari usiku, alikuwa amekwama kwenye foleni ya Kimara akitoka kumwona shahidi. Cantona akinong'ona na watu wake, alikuwa mwenyekiti wa mtaa aliyegonga mhuri mara mbili kwenye kiwanja kimoja. Yule mwimbaji aliyepofuka, masikini, ndiye aliyekuwepo siku ya kuonyeshana mipaka, na sasa hawezi tena kutambua mawe. Wakati mtafsiri anafika hapo, kuna mama mmoja nyuma alipaza sauti: "Aende baraza la kata, mwanangu! Asihangaike na bastola!" Watu wakamuunga mkono. Mwingine akasema baraza haliwezi, aende moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya siku ya kusikiliza kero. Ubishi ukawa mkubwa, na kila John Woo aliporudisha risasi zake, watu walilalamika kwamba kelele zinawazuia kusikia habari ya hati.

Sasa niambie, ni kazi gani bora ya sinema inayoweza kukupa nafasi ya namna hiyo? Ukijaribu kupachika kiwanja cha Visiga ndani ya picha ya 1989, hakiingii. Kila dakika ina mwenyewe.

Upole huu wa mwendo, kwa kweli, una historia ya kuheshimika. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa majaribio ya filamu huko Vugiri, milima ya Usambara, wakitengeneza picha za kuwaelimisha Waafrika juu ya ukulima, afya na kulipa kodi bila kinyongo. Wakubwa wa filamu za kikoloni wa enzi zile waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda mbio. Atengenezewe ya polepole, jambo moja kwa wakati, na lirudiwe. Miaka mingi tuliidharau nadharia hiyo. Kumbe ilikuwa inasubiri Peacock.

Wenye wivu watauliza: je, mtafsiri hakuumizwa na Silent Night? Hiyo ni picha nyingine ya John Woo, ya 2023, baba aliyepoteza mtoto kwa risasi za magenge na kupoteza sauti, naye analipiza kisasi. Ndani yake karibu hakuna anayezungumza. Mwanzo mwenye banda alifikiri ni balaa, atamlipaje mtu wa kutafsiri picha isiyo na maneno? Mtafsiri akamwambia tena hapo ndipo bei ipande, kwa sababu maneno yote itabidi ayatoe nyumbani. Sikuwepo siku ile, lakini nimeambiwa yule baba alikuwa mstaafu anayefuatilia mafao yake.

Flashi haikai mahali pamoja. Kutoka kwetu ilikwenda Kisarawe, ambako nina shemeji, na ambako nilipata bahati ya kuiona tena bila kutarajia wala kuomba. Kisarawe ipo vilimani, upande wa Pugu, hewa yake nzuri kuliko yetu, na watu wake hawababaishwi na sinema. Waliwahi kuwa na mkuu wa wilaya, Jokate Mwegelo, kuanzia 2018 hadi 2021, ambaye kabla ya kushika wilaya alishaonekana kwenye filamu. Kwa hiyo wao wanaweza kusema walipeleka shida zao kwa mcheza filamu na wakasikilizwa. Isitoshe, ni wakulima wa muhogo, na mwigizaji wa kwanza wa nchi hii kufika mbali ni Rashidi Kawawa, aliyecheza Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kufikia 1962 akawa Waziri Mkuu. Kati ya waigizaji wote waliomo kwenye The Killer mpya sijaona mwenye dalili hizo.

Kule banda liko jirani na wachoma muhogo. Unaingia na kipande chako cha moto, chumvi na pilipili kwenye karatasi, unakaa. Picha ilikuwa imefika mahali ambapo watu wanazungumza simuni wakiwa wamekasirika kwa utaratibu, mara ikasikika ngoma. Ilikuwa mdundiko, unatoka kwenye shughuli ya kumcheza mwali, unapita barabarani. Mtu yeyote anayeijua Kisarawe anajua kwamba mdundiko ukipita, mambo mengine yote ni mapendekezo. Banda liliinuka. Mwenye banda aliinuka. Yule kijana wa kukusanya viingilio aliondoka na begi la viingilio kiunoni. Tuliusindikiza mdundiko mpaka unapinda kona, vumbi juu, akina mama mbele na khanga viunoni, na mzee mmoja mwenye mkongojo aliyeutupa mkongojo. Tukarudi taratibu tukisalimiana na watu tuliokutana nao njiani, mmoja wao akanieleza kwa kirefu habari za mguu wake.

Tulipoingia, bado walikuwa wanazungumza simuni. Hakuna aliyepitwa. Kijana aliyebaki ndani, kwa sababu kiatu chake kilikuwa kimekatika, aliombwa atueleze yaliyotokea, akafikiri sana, akasema, "Kuna mtu alishuka ngazi."

Hiyo ndiyo filamu inayoheshimu maisha ya watu. Ile ya 1989 ingetulazimisha tuchague kati yake na mdundiko, na mtu asipangiwe uchaguzi wa namna hiyo na mgeni.

Nirudi Kibaha, maana wapo waliofaidika zaidi yangu. Hapo kwenye kijiwe cha kahawa kuna mzee, fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi cherehani tu. Unampelekea suruali, anakwambia Ijumaa, unakuja Ijumaa, anakwambia Jumanne. Baada ya The Killer mpya, amepata cheo. Kumbe yeye aliiona ile ya zamani kwenye mkanda wa video enzi za Mzee Ruksa, wakati Bara hatujapata hata kituo kimoja cha televisheni, maana tulikaa bila hicho mpaka 1994. Sasa vijana wanapita wanamwamkia kwa heshima isiyo ya kawaida.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmetoka kuangalia ule upuuzi?"

"Tumetoka, babu."

"Kaeni."

Na wanakaa. Anaanza na A Better Tomorrow ya 1986, Chow Yun-fat ndani ya koti refu, kijiti cha kiberiti mdomoni, jinsi vijana wa Hong Kong walivyonunua makoti kama yale juani. Anakuja kwenye The Killer, anashusha sauti. Anapanda Hard Boiled ya 1992, ambapo kamera inaingia hospitalini na mapambano yanakwenda pamoja nayo, korido hadi korido, wanaingia kwenye lifti, wanatoka ghorofa nyingine, bila kukatwa. Halafu Woo anahamia Marekani, anamkuta Van Damme na Hard Target mwaka 1993, na mzee anasema hapo ndipo alianza kuwa na wasiwasi, ila akanyamaza kwa sababu ya Van Damme. Face/Off ya 1997 anaikubali: Travolta na Nicolas Cage wanabadilishana nyuso, na unaamini, na huo ndio uchawi wenyewe. Mission: Impossible 2 ya 2000 haitaji, anavuta kahawa. Kwa nini mtu aliyeweza hayo akairudia kazi yake mwenyewe akiwa na fedha zaidi, vifaa zaidi na miaka zaidi, ikatoka vile? Mzee ana jibu, na nadhani ni la kweli kuliko alivyokusudia. Anasema mwaka 1989 yule bwana alikuwa anatafuta, na 2024 alikuwa anakumbuka.

Kisha anawaambia vijana suruali zao ziko tayari Jumanne.

Nikubali pia kwamba sisi hatuko kwenye nafasi ya kumcheka John Woo kwa kujipungukia. Alihitaji miaka 35 kushindwa kuifikia kazi yake mwenyewe; sisi tuliifupisha safari hiyo mpaka ikaenea kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Baada ya Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, kuonyesha kwamba filamu ya Kiswahili inaweza kuuzika, Bongo muvi ilifurika Kariakoo, na muda si mrefu ukazuka ule utaratibu wa Part 1 na Part 2. Unanunua diski mbili siku moja, kwa muuzaji mmoja. Ya kwanza jambazi anaiba, na kwa kweli anaiba vizuri. Ya pili inaanza kwa kukukumbusha, kwa muda mrefu wa kutosha kupika wali, yale uliyoyaona saa moja iliyopita. Kisha jambazi anapanda gari, gari linafunguliwa geti, gari linaingia, linafungwa geti, anashuka, anapanda ngazi, anakaa kwenye sofa, anapiga simu. Mwongozaji amezeeka kati ya diski na diski. Tena wapo waliosema hila hiyo ni ya kwetu peke yetu, lakini mwaka 2008 na 2009 John Woo mwenyewe alitoa Red Cliff kwa sehemu mbili barani Asia. Sisemi wazo alilitoa Kariakoo.

Basi ikafika siku ambayo yule mzee fundi, kwa kuchoshwa na kusimulia, aliamua vijana waone kwa macho yao. Mjukuu wake anayesoma Dar alimwekea ile ya 1989 kwenye flashi. Mzee akaipeleka bandani, amevaa shati la Idi. Mwenye banda hakutaka. Alisema picha nzuri sana inamuulia soda. Mzee akamlipia viti vya mbele vyote, likaisha hilo.

Ilikwenda kama nilivyokwisha kueleza. Muuza karanga hakuuza. Mlinzi hakulala. Mtafsiri alibaki na maiki mapajani. Visiga haikutajwa hata mara moja. Ah Jong alipopigwa macho na kuanza kutambaa, hakuna aliyepumua, na walipopishana na Jennie yule mama wa baraza la kata alijifunika khanga usoni. Kisha Ah Jong akafa, maandishi yakaanza kupanda, na kwa muda kukawa kimya.

Halafu sauti ikatoka benchi la tatu: "Steringi kafa?"

Kafa. Imethibitishwa kutoka pande zote. Watu wakasimama. Wakadai fedha zao. Mwenye banda akamtazama mzee fundi, mzee fundi akatazama ukuta. Mmoja alisema yeye ameishi Kibaha tangu shule ya Wanordiki ilipofunguliwa na hajawahi kudhulumiwa namna hii. Kijana wa viingilio alikuwa ameshaanza kufunga zipu ya begi lake na kupima umbali wa mlango.

Hapo ndipo mtafsiri aliposhika maiki. Aliomba utulivu. Akasema watu wasiwe na haraka, hawajaelewa. Steringi hajafa, amezimia tu kwa sababu ya damu. Hivi tunavyoongea amepakiwa kwenye gari la wagonjwa na anakimbizwa hospitali ya Tumbi. Kama kuna mtu hapa hajui kazi ya Tumbi kwa majeruhi wa barabara hii, anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Matibabu, alisema, yatakuwa kwenye Part Two, Jumamosi ijayo, saa 10. Mtu mmoja ambaye dada yake ni nesi alithibitisha kwamba macho siku hizi yanatibika. Wakatoka.

Jumamosi ilipofika aliwawekea Hard Boiled. Chow Yun-fat akatokea, mzima, macho yote mawili, na mtafsiri akaeleza kwamba baada ya kupona alisamehewa na kuajiriwa polisi kutokana na uzoefu wake. Banda lilipiga makofi. Na kadiri picha ilivyosonga ndivyo alivyozidi kuonekana mkweli, kwa sababu kweli ilikuwa ni hospitali, kweli steringi alikuwemo ndani yake, anakimbia koridoni na kitoto kichanga mkononi, pamba masikioni mwa mtoto asisikie risasi. Suruali yake iliposhika moto, mtoto alimkojolea ukazimika, na yule mama akasema watoto wa Tumbi wana baraka. Hospitali ya kwenye picha ilikuwa na ghorofa nyingi kuliko ya kwetu, ila hakuna aliyeuliza. Mzee fundi alifungua mdomo, akawatazama, akaufunga, akanunua karanga. Kiingilio siku hiyo kilikuwa mia saba.